Mawakala wa Hisa Kanada Wavunje Ukimya

Mkanada anayetaka hisa za Nvidia, Apple au Microsoft hahitaji hata kutoka sebuleni. Anabonyeza simu, fedha zinatoka, hisa zinaingia. Ataonyeshwa gharama ya kubadilisha dola, mwenendo wa bei wa mwaka mzima na faida aliyopata tangu asubuhi. Kwamba siku akifa serikali ya Marekani ina haki ya kuzitoza hisa hizo kodi ya mirathi, hilo atalikuta kwenye makala za washauri wa matajiri, si pale anapobonyeza. Ukimya huo ni kosa, na wenye kosa ni benki na mawakala wanaovuna ada.

Kanada yenyewe haina kodi ya mirathi ya taifa tangu 1972. Humhesabu marehemu kana kwamba ameuza mali zake kabla ya kufa, ikatoza faida kodi. Ndiyo maana wengi hawawazi kwamba kuna mkono mwingine. Hisa ya kampuni iliyosajiliwa Marekani ni mali iliyoko Marekani, hata kama mwenyewe aliinunulia Toronto na hajawahi kukanyaga New York. Akaunti za Kanada za RRSP (akiba ya uzeeni) na TFSA (akiba isiyotozwa kodi), zinazosifiwa kwa nafuu ya kodi, hapa hazizuii chochote. Mali hiyo ikizidi dola 60,000 za Marekani, msimamizi wa mirathi anatakiwa kuwasilisha Fomu 706-NA kwa mamlaka ya kodi ya Marekani ndani ya miezi tisa baada ya kifo. Kodi hufika asilimia 40.

Mkataba wa kodi wa nchi hizo mbili, kwa itifaki ya 1995, humwokoa Mkanada wa kawaida. Raia wa Marekani akifariki mwaka 2026 husamehewa dola milioni 15, na Mkanada hupewa fungu la msamaha huo kwa uwiano wa mali yake ya Marekani na mali yake yote duniani. Chukua mtu aliyeacha hisa za dola 500,000 katika mirathi ya dola milioni 2. Fungu lake ni robo, yaani milioni 3.75; hadaiwi hata senti. Lakini msamaha huo hauji wenyewe. Lazima uombwe kwenye fomu na kila mali itajwe: nyumba, akiba ya uzeeni, bima ya maisha aliyoimiliki, hata kiwanja cha Kigamboni au Nyali kwa ndugu zetu waliohamia Kanada. Bila mkataba, kodi ya hisa zilezile ni dola 142,800. Hilo ndilo deni linaloweza kuwaangukia wafiwa ambao hawakuambiwa kitu.

Washington nayo haiponi lawama. Kiwango cha 60,000 kilikuwa hichohicho hata mwaka 1988, wakati msamaha wa raia ulikuwa 600,000. Raia wamepandishwa hadi milioni 15, mgeni akaachwa palepale. Aishiye Kenya au Tanzania, nchi zisizo na mkataba wa aina hiyo na Marekani, hana kingine cha kushika ila hizo 60,000.

Wapo watakaosema mwekezaji ni mtu mzima, asome mwenyewe. Hatukubali. Mfuko wa hisa uliosajiliwa Kanada, wenye hisa zilezile za Marekani ndani yake, hauingii katika kodi hii. Mfuko kama huo uliosajiliwa Marekani unaingia. Wakala anaijua tofauti hiyo na bado anamwachia mteja achague gizani. Programu inayomhesabia faida kila sekunde haiwezi kushindwa kumjumlishia hisa za Marekani.

Wasimamizi wa masoko ya mitaji katika majimbo ya Kanada watoe amri: mteja akivuka dola 60,000 za hisa za Marekani, aonywe papo hapo kabla ya kununua tena, na taarifa yake ya kila mwaka itaje jumla ya mali hiyo, fomu inayotakiwa na muda wa kuiwasilisha. Wakala atakayekaidi atozwe faini.