Zege Linalojitibu Lianzie Gatini

Ufa wa nusu milimita kwenye nguzo ya gati hauonekani kuwa tishio. Lakini maji ya chumvi yakipenya na kuifikia nondo, kutu huanza. Nondo yenye kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani hadi vipande vinameguka.

Dawa ya kuziba ufa huo mapema ipo. Kuanzia 2006, Henk Jonkers wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, alifanya utafiti wa kuchanganya zege na bakteria wa jamii ya Bacillus, wakiwa wamelala katika hali ya spora, pamoja na chakula chao, laktati ya kalsiamu. Zege likipata ufa na maji yakaingia, bakteria huamka, hula na kutengeneza chokaa ngumu inayoweza kuziba ufa wa hadi milimita 0.8. Kiungo kingine cha zege, nanosilika, huwahi mapema zaidi: chembe zake ndogo mno hujaza vitundu vya saruji, maji yakakosa njia.

Wapo wanaouliza: kwa nini tununue zege la bei ghali ilhali maghorofa ya kawaida yanatuangukia? Swali hilo ni la haki. Bakteria hawaokoi zege lililopunjwa saruji, lililozidishiwa maji ili limwagike kirahisi, au lililomwagiliwa siku mbili badala ya saba. Wala hawarudishi nondo iliyokwisha kuliwa na kutu. Kwa nyumba za watu, fedha ziende kwanza kwenye ukaguzi na usimamizi wa mafundi.

Gati, madaraja ya baharini na matangi ya maji ni habari nyingine. Huko kukarabati kunahitaji wapiga mbizi, au kusimamisha meli, au kukata maji ya mji. Tena uzalishaji wa saruji huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Kubomoa na kujenga upya ni kuichafua hewa mara mbili.

Kwa hiyo zabuni za miradi hiyo zipime gharama ya ujenzi pamoja na matengenezo ya miaka 50, na vyuo vikuu vyetu vipewe fedha za kuijaribu teknolojia hii kwa saruji, mchanga na joto la pwani yetu. Mkandarasi wa bei ndogo akishakabidhi kazi huondoka. Gharama za ukarabati humwangukia mlipakodi.