Bili ya Maji na Ndoo ya Jirani

Kila mara mamlaka ya maji inapotangaza kwamba inaomba kupandisha bei, kauli moja husikika mitaani: maskini wanaonewa. Hata sisi tumewahi kuitoa, tena kwa sauti kubwa. Lakini yatupasa kujiuliza kwa unyofu ni maskini yupi tunayemtetea. Mwenye bomba uani pake ndiye apokeaye bili, na ndiye aendaye mkutanoni kulalamika. Mama aliyepanga chumba kimoja bondeni hana bomba wala bili. Yeye hununua ndoo.

Tufanye hesabu ndogo. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Ndoo ikiuzwa shilingi 50 kwenye kioski, uniti hiyo imegharimu shilingi 2,500. Maji yakiadimika na ndoo ikaletwa kwa mkokoteni kwa shilingi 300, uniti ile ile ni shilingi 15,000. Hakuna mteja wa nyumbani jijini Dar es Salaam aliyewahi kutozwa na mamlaka bei inayokaribia hiyo. Basi bei ndogo ya bomba humfaa kwanza aliye na bomba. Mamlaka ikikosa fedha za kulaza mabomba mapya, yule mama hubaki mikononi mwa wenye mikokoteni. Tena wako miongoni mwetu, watu wa heshima katika jumuiya zetu, ambao hulalamikia bili mchana na jioni huwauzia majirani maji yale yale kwa bei maradufu.

Kulikuwa na wakati tuliamini kwamba maji yaweza kuwa bure daima. Mpango wa miaka 20 ulioanzishwa nchini Tanzania mwaka 1971 ulikusudia kila mwananchi wa kijijini apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400 ifikapo mwaka 1991. Nia ilikuwa njema. Mwaka 1991 ulipofika lengo lilikuwa mbali, na pampu nyingi zilikuwa zimenyamaza kwa kukosa dizeli na vipuri, kwa sababu fedha za kujenga zilitafutwa lakini za kutunza hazikutafutwa.

Maji ya mto ni zawadi; kuyafikisha jikoni ni kazi yenye gharama. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam huvutwa kutoka Mto Ruvu, kwenye mtambo wa Ruvu Juu uliojengwa mwaka 1959 na ule wa Ruvu Chini wa mwaka 1976, ambayo yote imepanuliwa baadaye. Husafishwa kwa dawa, kisha husukumwa kwa umeme kilomita nyingi hadi kwenye matangi. Umeme, dawa na mishahara hulipwa kwa bili. Mitambo na mabwawa makubwa hutegemea zaidi kodi na mikopo. Uko pia Mfuko wa Taifa wa Maji, ambao tangu mwaka wa fedha 2015/16 ulitengewa shilingi 50 katika kila lita ya petroli na dizeli. Kwa hiyo hata yule mama asiye na bomba, kila apandapo daladala, ameshachangia maji ambayo bado hajayaona.

Hapo ndipo ulipo msingi wa haki yetu ya kuuliza, na haki hiyo ilipopuuzwa tumeona matokeo. Mwezi Agosti 2003 huduma ya maji ya Dar es Salaam ilikabidhiwa kampuni ya City Water kwa mkataba wa miaka kumi. Mapato hayakufikia yaliyotarajiwa, kampuni ikataka mkataba ujadiliwe upya, na mwezi Mei 2005 serikali ikauvunja. Baraza la usuluhishi lilipotoa hukumu mwaka 2008, lilisema serikali ilikosea katika namna ya kuwaondoa wawekezaji, lakini halikuwapa fidia yoyote. Katika mvutano huo wote mwananchi alikuwa mtazamaji.

Twapenda kuutaja mji mmoja wa mbali ambao ulifanya vingine, nao ni Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Mwaka 1993, baada ya vita, maji yaliwafikia kama robo tu ya wakazi, na katika kila lita 100 zilizosukumwa, lita 72 zilivuja, ziliibwa au hazikulipiwa. Mkurugenzi mpya, Ek Sonn Chan, hakuanza na bei. Alianza na nyumba yake mwenyewe, yaani mamlaka: watumishi waliouza maji kwa mlango wa nyuma, mabomba yaliyooza, na wakubwa wasiolipa. Alipokwenda kufunga mita kwa mkubwa mmoja wa jeshi alielekezewa bastola. Mita ikafungwa. Misaada na mikopo ya nje ilikuwapo, hilo tusilifiche, lakini nchi ngapi zimepata mikopo na mabomba yakabaki makavu? Bei ilipandishwa kwa hatua, mwaka 1997 na tena mwaka 2001, huku kaya maskini zikipunguziwa gharama ya kuunganishwa. Hatua ya tatu iliyokuwa imepangwa haikuhitajika, kwa kuwa mapato yalitosha. Baada ya miaka kama 15 upotevu ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 6.

Mpangilio wa kazi ndio unaotugusa. Watu walipandishiwa bei baada ya kuona kwamba hata wakubwa wanalipa. Kwetu, taarifa za EWURA zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba takriban theluthi moja au zaidi ya maji yanayozalishwa na mamlaka za mijini hupotea, ilhali kiwango kinachokubalika ni asilimia 20. Madeni ya taasisi za umma nayo yamelalamikiwa bungeni mara nyingi. Kumwomba mwananchi anayelipa kila mwezi azibe pengo la asiyelipa, na la bomba linalovuja barabarani wiki nzima, si haki, hata kama hesabu za vitabuni zimekamilika.

Sheria imetupa mlango. Kabla bei mpya haijaidhinishwa, EWURA huitisha mkutano wa wazi wa kukusanya maoni, uitwao taftishi, na liko Baraza la Ushauri la Watumiaji linalosema kwa niaba yetu. Ni jambo la kusikitisha kwamba mikutano hiyo mara nyingi huhudhuriwa na wachache, kisha manung'uniko hufuata baada ya bili kufika. Twawaomba viongozi wa walei wasiende kusema “hapana” tupu. Waulize upotevu ulikuwa kiasi gani mwaka jana na mwaka huu. Waulize ni taasisi zipi zinadaiwa, na tangu lini. Waulize ni mitaa ipi isiyo na bomba itakayofikiwa kwa fedha za ongezeko hilo, na mwezi gani, na majibu yaandikwe kwenye daftari ili yasomwe tena mwaka ufuatao. Na kila jumuiya, kabla ya kutuma wajumbe, iulizie bei ya ndoo katika mtaa wake na kuwakabidhi wajumbe hesabu hiyo pamoja na bili za miezi mitatu.