Stevie Wonder: Mgema alitia maji, lakini tembo lilibaki tembo

Kijana mwenzangu, kuna aina mbili za mashabiki wanaoua muziki. Wa kwanza ni mpambe. Kwake yeye bingwa hakosei. Hata akikohoa kwenye maikrofoni, mpambe atakwambia huo nao ni ufundi. Wa pili ni mzomeaji. Huyu hukaa mguu sawa akingoja bingwa ateleze, kisha hukimbilia kijiweni kutangaza: "Kwisha habari yake!" Utadhani ni maadui, kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili hawasikilizi.

Ukitaka kuwaumbua wote kwa mpigo, wawekee kazi moja tu: Journey Through the Secret Life of Plants ya Stevie Wonder, iliyotoka Oktoba 1979. Mpambe atasema ni kazi ya malaika. Mzomeaji atasema ni takataka. Nami nakwambia bila kumung'unya maneno: wote waongo.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Stevie alizaliwa Michigan mwaka 1950, akapoteza uwezo wa kuona akiwa kichanga. Motown walimsajili akiwa na miaka 11, na mwaka 1963, akiwa na miaka 13, wimbo wake ulishika namba moja Marekani. Kwa miaka kadhaa kampuni ndiyo iliyoamua: nani atunge, nani apige, lini itoke.

Mwaka 1971 alitimiza miaka 21 na mkataba ukaisha. Hapo ndipo kijana alipogoma. Hakutaka tu nyongeza ya fedha. Alitaka kushika usukani wa muziki wake na haki za nyimbo zake, na akavipata vyote viwili. Sikiliza vizuri, wewe unayesaini karatasi usiyoisoma kwa sababu umeahidiwa redio na suti mpya!

Matokeo yake unayajua. Kati ya 1972 na 1976 alitoa albamu tano ambazo mpaka leo wanamuziki wanazisoma kama msahafu: Music of My Mind, Talking Book, Innervisions, Fulfillingness' First Finale na Songs in the Key of Life. Tatu za mwisho zilimpa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka, moja baada ya nyingine. Katikati, tuzo ya mwaka 1976 ilikwenda kwa Paul Simon, naye alisimama jukwaani akamshukuru Stevie kwa kutotoa albamu mwaka ule! Songs in the Key of Life iliingia chati za Marekani moja kwa moja namba moja, ikakaa kileleni jumla ya wiki 14.

Sasa Waswahili walisema nini? Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Miaka mitatu ikapita. Watu wanangoja. Kumbe bwana mkubwa anatengeneza muziki wa filamu kuhusu maisha ya mimea! Na usicheke, maana kazi ilikuwa ngumu kweli. Asiyeona anatungia picha. Ilibidi mtayarishaji wa filamu amsimulie sikioni kila tukio, huku fundi mitambo akimhesabia muda hadi tukio liishe. Kwa ujasiri wa kazi, tumvulie kofia. Tena ilikuwa miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za pop kurekodiwa kwa mitambo ya dijitali.

Lakini ujasiri ni kitu kimoja, na kinachoingia sikioni ni kingine. Albamu ni santuri mbili. Unaweka ya kwanza, unangoja wimbo. Unapata vinanda vya umeme vikinguruma kama mvua ya masika ya mbali. Unangoja tena. Race Babbling inazunguka karibu dakika tisa na sauti zilizokorogwa kwa mashine, mpaka unajiuliza kama sindano imekwama. Vipande vingi vilitungwa vikae chini ya picha. Na picha zenyewe nani alizitazama? Filamu haikusambazwa kwa upana. Mnunuzi aliuziwa mchuzi, nyama imebaki jikoni.

Hapo mzomeaji anapiga makofi. Ngoja kidogo, bwana! Geuza santuri. Send One Your Love ni wimbo wa mapenzi uliosimama, nao ulifika namba nne Marekani. Outside My Window ni mwepesi kama asubuhi ya Jumapili. Power Flower ina mdundo unaokaa kifuani. Come Back as a Flower aliachiwa Syreeta Wright, aliyekuwa mkewe, na sauti yake imekaa pale kama umande. Kuna watoto wanaoimba Kijapani, na kuna wimbo wa Kibambara, lugha ya Mali.

Na wewe unayesema maua hayana hoja, isikilize Same Old Story. Inawakumbuka wanasayansi wawili: Jagadish Chandra Bose wa Bengal, na George Washington Carver, Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani akawa bingwa wa kilimo. Watu waliotiliwa shaka kabla ya kusikilizwa. Hayo nayo ni maua tu?

Kwa hiyo kosa liko wapi? Kosa halikuwa kuimba mimea. Kosa lilikuwa mkasi. Ndani ya santuri mbili kuna santuri moja nzuri sana, imezikwa kwenye majani. Uhuru alioupigania mwaka 1971 ulikuwa haki yake, lakini uhuru haukuondolei haja ya rafiki mwenye ubavu wa kukwambia, "Hiki kitoe." Bingwa aliyezungukwa na wapambe hukosa kitu kimoja tu, nacho ndicho cha thamani kuliko vyote: mtu wa kumkatalia.

Albamu ilifika namba nne. Kwa mwingine hiyo ingekuwa sherehe. Kwake watu waliita matanga. Akafanyaje? Hakulia, hakuwatukana wasikilizaji. Mwaka 1980 alitoa Hotter than July: santuri moja, imebana, imeiva. Ndani yake kuna Master Blaster, salamu zake kwa Bob Marley, na Happy Birthday, alioutumia kudai siku ya kuzaliwa ya Martin Luther King iwe sikukuu ya taifa. Ronald Reagan alitia saini sheria hiyo Novemba 1983. Na Machi 1985 alipopokea Oscar kwa jina la Nelson Mandela, redio ya serikali ya makaburu ilipiga marufuku nyimbo zake. Huyo ndiye aliyeambiwa kwisha habari yake!

Sasa nakuuliza wewe: mwanamuziki wako wa mtaani akijaribu kitu kipya, unamfanyia nini? Ukimzomea kila akitoka njiani, mwaka kesho atakuletea wimbo uleule wenye jina jingine, nawe utalalamika kuwa muziki umekufa. Ukimsifu hata kwa upuuzi, atakulisha upuuzi mpaka umalize meno. Mwambie ukweli: hapa umepatia, hapa umejaza debe. Halafu mpe nafasi ya mwaka 1980 wake.

Kuteleza si kuanguka. Lakini aliyeteleza lazima aambiwe sakafu ina maji, na kazi hiyo haifanywi na mpambe wala mzomeaji. Ni kazi yako wewe unayenunua.