Dufu Si la Kuitikia Tu

Dada zetu wa visiwani,

Sisi tunaoshona magauni ya harusi hapa Tinde, njia panda ya Shinyanga, Nzega na Kahama, tunaalikwa pia kwenye harusi zenyewe. Kuna jambo linatuudhi. Ukumbi ni wa wanawake watupu, mashungi yamevuliwa, watu wamejipamba. Pembeni kakaa kijana wa kiume na spika zake, eti bila yeye shughuli itapoa. Stara iko wapi?

Dufu likitolewa, mabinti wanapiga mdundo mmoja mwanzo hadi mwisho. Anayethubutu kutoka peke yake, akachezesha mkono juu ya mdundo wa wenzake, anaambiwa anajishaua. Hapo tunakataa.

Bukhari amepokea kwamba siku ya harusi ya Rubayyi bint Muawwidh, wasichana walipiga dufu mbele ya Mtume (s.a.w.), wakiwataja wazee wao waliouawa Badr. Mmoja akaongeza kwamba miongoni mwao yuko Nabii ajuaye ya kesho. Mtume akamwambia aliache neno hilo, aendelee na yale aliyokuwa akiyasema. Alisahihisha neno; dufu hakulizuia. Basi nani kawapa watu ruhusa ya kuuzuia mkono wa binti mbele ya wanawake wenzake?

Nanyi wa visiwani hamna udhuru. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alipiga msondo mpaka uzeeni huku akiwafunda wari. Hata mwenye shaka na unyago hawezi kusema ngoma si ya mwanamke. Huku kwetu Usukumani, Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Ukirudia yaleyale, watu wanahamia upande wa pili.

Wengine husema hicho ni kipaji cha kuzaliwa nacho. Si kweli, hufundishika kama ushonaji. Mwanafunzi hufuata alama ya chaki. Akishaizoea, hukata kwa jicho.

Kaeni watano. Wanne washike mdundo, wasiuache. Wa tano abadilishe pigo moja tu. Akizoea, abadilishe mawili. Kisha aruke pigo moja, aache kimya. Aulize kwa sauti nzito ya ndani ya ngozi, ajibu kwa sauti kali ya ukingoni, halafu arudi kwa wenzake. Akipotea, anyamaze, asikilize, aingie tena. Kisha mpokezane, hata yule mwenye haya apate zamu yake.

Bibi harusi, kabla hujalipia spika, waite shoga zako jioni chache wajifunze. Usiku ule ni wako; usimkabidhi mwanamume usiyemjua kwa sababu tu wanawake wenzako walifundishwa kuitikia, hawakufundishwa kuongoza.