Ndege Tulizozitungua Wenyewe

Mwaka jana nikiwa mazoezini kufundisha, dogo mmoja wa kidato cha pili, wa dawati la nyuma kabisa, aliniuliza: "Mwalimu, eti ni kweli tulitungua ndege zetu wenyewe?" Nikamwambia tuendelee na somo. Aibu ile bado ninayo, maana jibu nilikuwa nalo. Nimekulia Kitaji, Musoma, na babu yangu huianza hadithi hiyo kila ndege inapopita chini kuelekea uwanjani.

Ni kweli. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Katika siku zile za mwanzo za vita, ndege tatu za jeshi letu zilizokuwa zinarudi Musoma zilitunguliwa na askari wetu, wakidhani ni za adui. Hebu fikiria rubani anayeshuka kutua: mwendo umepungua, yuko chini, macho yote kwenye barabara ya kurukia. Hana pa kukwepea. Anaamini tu kwamba walio chini wanamjua.

Sasa notisi nilizoandika mimi shuleni zinaanza na Amin kuvamia, zinaishia Kampala, Aprili 1979. Katikati hakuna kosa letu hata moja. Wapo wanaosema kulifundisha hili ni kuwadharau wanajeshi. Sikubali. Yule aliyefyatua hakuwa msaliti. Alikuwa mtu mwenye hofu, nchi imevamiwa, na habari kwamba wenzake wanarudi ama haikumfikia ama hakuiamini. Hapo ndipo penye somo lenyewe, na sisi tunapapita mbio kama daladala isiyo na abiria wa kushusha.

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani pale Bukoba ikikaribia kutua, watu 19 walifariki. Nchi nzima ikauliza kwa sauti: boti za uokoaji ziko wapi? Hakuna marehemu aliyevunjiwa heshima kwa swali hilo. Kwa nini basi ya Musoma tuyaachie mababu wayasimulie barazani, na sisi wenye chaki tukae kimya? Julai 25, Siku ya Mashujaa, marubani wale nao ni wetu.

Muhula ujao narudi mazoezini, Mungu na boom wakijalia. Yule dogo atakuwa kidato cha tatu. Nitamtafuta.