Mali bila Daftari: Karatasi na Tarakilishi katika Uhifadhi wa Kiswahili

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Swali linalotukabili sisi wanafunzi wa Kiswahili ni hili: je, daftari hilo liwe la karatasi au la tarakilishi? Wapo wenzetu wanaopendekeza kuwa majarida ya vyama kama hiki yasichapishwe tena, bali yawekwe mtandaoni pekee. Hoja zao si nyepesi. Uchapishaji ni ghali, nakala huwa chache, na takriban kila mwanafunzi ana simu mkononi. Hata hivyo, nionavyo mimi, hoja hizo zinachanganya mambo mawili yasiyo mamoja, yaani kufikiwa kwa maandishi na kudumu kwake.

Kuhusu kufikiwa, sina budi kukiri kuwa dijitali imetufaa pakubwa. Mimi ninaishi Langas, Eldoret. Kutoka hapa hadi Lamu ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na nauli yake ni mzigo kwa mwanafunzi wa uzamili. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, uliohusishwa tangu mwanzo na Habib Saleh, ilipigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini. Mengi ya maandishi hayo ni ya Kiarabu, lakini hakuna mtafiti wa historia ya fasihi ya Waswahili anayeweza kuyapuuza. Kwa gharama ya bando la simu, msomaji wa Langas aliweza kufunua kurasa ambazo wazee wetu wa bara hawakuwahi hata kuzisikia.

Nimesema "aliweza" kwa makusudi. Mnamo Oktoba 2023 wadukuzi waliivamia mitambo ya Maktaba ya Uingereza, na huduma zake nyingi za mtandaoni, zikiwemo picha za nyaraka hizo, zikakosekana kwa miezi mingi. Karatasi zilizopigwa picha hazikuguswa. Kilichopotea kwa muda huo ni mlango wetu sisi tulio mbali. Tukio hilo linatufunza kuwa aliye na picha kwenye tovuti ya mwingine hana nakala, bali ana ruhusa tu ya kutazama, na ruhusa hiyo inaweza kukatika wakati wowote.

Kuhusu kudumu, karatasi ina ushahidi wa karne. Chuo cha Herekali, yaani Utendi wa Tambuka, ulitungwa Pate mwaka 1728, na hati yake ya kale imehifadhiwa Hamburg, Ujerumani. Bado inasomeka na yeyote aijuaye hati ya Kiarabu, bila umeme wala programu. Linganisha na tasnifu za miaka ya 1990 zilizowekwa kwenye diski za floppy. Hata kama diski hizo ni nzima, tarakilishi ya kuzisoma utaitafuta kwa tochi.

Lakini tusiitukuze karatasi kupita kiasi. Nilikuwa mtoto wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Nyumba za Langas zilipoteketea, viliteketea pia vyeti vya shule, picha za arusi na madaftari ya watu. Wako majirani waliotumia miaka kuthibitisha kuwa waliwahi kusoma. Hata maktaba kubwa haina kinga: Aprili 2021 moto uliiteketeza Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town pamoja na sehemu kubwa ya hazina zake kuhusu Afrika. Fauka ya hayo, mchwa na unyevu havihitaji ghasia wala moto ili vifanye kazi yavyo.

Mimi mwenyewe nimeonja ubaya wa pande zote mbili. Niliporekodi ngano kutoka kwa nyanya mmoja jirani yetu, nilizihifadhi kwenye kadi ndogo ya simu. Kadi hiyo ilikufa ghafla, na fundi wa mtaani akanirudishia akitikisa kichwa. Zilizosalimika ni ngano chache nilizokuwa nimezinakili kwenye daftari. Daftari lenyewe lilirowa mvua ilipopenya mabati, na kama nisingalikuwa nimelipiga picha, kurasa mbili zingalitoweka. Nyanya yule ametangulia mbele ya haki, kwa hivyo sina wa kumwendea tena.

Je, ni nini hasa huyahifadhi maandishi? Kwa maoni yangu, si karatasi wala si tarakilishi, bali ni mazoea ya kunakili. Muyaka wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yalikaa vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua na William Taylor walipoyakusanya kwa maandishi mwishoni mwa karne hiyo. Hichens aliyachapisha mwaka 1940, na M. H. Abdulaziz akayarejelea katika kitabu chake cha 1979. Kila kizazi kiliyahamisha kutoka chombo kilichochoka hadi kingine. Ukikatika mnyororo huo mahali pamoja tu, hatuna Muyaka.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila toleo la jarida la chama lichapishwe angalau nakala chache za karatasi na zigawiwe maktaba za vyuo tofauti, si chuo kimoja. Pili, toleo hilo hilo liwekwe mtandaoni katika zaidi ya mahali pamoja, kwa muundo mwepesi ambao mwenye simu ya bei nafuu ataupakua mara moja na kuusoma bila bando. Tatu, chama kimteue mwanachama wa kukagua nakala hizo kila mwaka, kwani faili isiyofunguliwa na kabati lisilofunguliwa huoza kimyakimya.

Mpango huu una gharama, na najua hali ya mifuko yetu. Lakini nakala chache za karatasi ni rahisi kuliko kumtafuta nyanya aliyekwisha kuzikwa. Daftari la wahenga halikuwa moja. Tuwe nayo mawili, na tuyafungue.