Kinamasi Hakipumziki

Sisi tunaolima pembezoni mwa kinamasi cha Lubigi, hapa Uganda, tumechoka kuambiwa kwamba ni jembe letu lililofukuza ndege. Ndege wengine hawajafukuzika hata kidogo, waulizeni wenye mahindi.

Mahindi ya mvua za Machi yakianza kushika maziwa, mnana wanashuka kwa makundi alfajiri. Mmoja anatua juu ya hindi, anachana ganda kuanzia nchani, anadonoa punje laini za juu, kisha anahamia hindi la pili. Mvua ikinyesha, maji yanaingia pale palipochanwa na hindi linaoza lote. Majani nayo wanayachana nyuzinyuzi, wanakwenda kufumia viota. Watoto wako shuleni, nani ashinde shambani akipiga debe kuwafukuza? Wenzetu wa mpunga kule Doho na Kibimba wanaijua vizuri adha hiyo.

Mnana hawa wanashiba kwa sababu tunalima mwaka mzima. Zamani wazee walipanda mlimani mvua za Machi, wakapanda tena mvua za Septemba, na bonde likaguswa kidogo tu wakati wa kiangazi. Sasa mlimani pamejaa nyumba. Tumeshuka bondeni na magimbi, miwa, viazi vitamu na mahindi, zao moja likitoka lingine linaingia. Hakuna mwezi ambao mnana anakosa chakula.

Lakini hali hiyo hiyo inammaliza korongo taji, ndege aliye kwenye bendera yetu tangu 1962 na ambaye timu yetu ya taifa inaitwa kwa jina lake. Yeye hutaga chini, kwenye majani ya kinamasi, mayai mawili au matatu. Huyaatamia karibu mwezi mzima, kisha vifaranga hutembea kwa miguu miezi miwili au mitatu kabla ya kuweza kuruka. Anahitaji basi miezi mitatu au minne ya utulivu, na siku hizi ndani ya muda huo bonde limefyekwa, limechomwa na kupandwa. Tangu 2012 anahesabiwa duniani miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Wazee wa hapa walimwona akicheza wawili wawili kwenye nyasi. Wajukuu wao wanamjua kwenye jezi. Inatuuma.

Kwa hiyo hatusemi jembe halina athari. Tunasema wanaolitaja jembe wanayanyamazia malori ya udongo wa moramu yanayofukia kinamasi. Mwaka 1994 vinamasi vilikuwa zaidi ya asilimia 15 ya ardhi ya Uganda. Kufikia 2019 vilibaki karibu asilimia 9. Mwenye magimbi anaacha maji mahali pake, na mafunjo akiyaacha misimu michache yanaota tena. Moramu ikishamwagwa na ghala likajengwa juu yake, hakuna ndege atakayetaga hapo, na mafuriko yanatuingilia sisi jikoni. Lakini ukifika wakati wa kuondoa watu kinamasini, magimbi yanang'olewa kwanza.

Hata kwenye ghuba ya Lutembe, njia ya Entebbe, ambako membe mabawa-meupe kutoka Ulaya na Asia hupumzika kwa malaki, mashamba ya maua yamesogea hadi ukingoni. Eneo hilo limo kwenye orodha ya Ramsar ya vinamasi muhimu duniani tangu 2006. Kama hapo hapakulindwa, Lubigi italindwa na nani?

Tunachotaka kinajulikana. Mipaka iwekwe kwa nguzo zinazoonekana, na iwe ile ile kwa mwenye jembe na kwa mwenye ghala. Katikati ya bonde paachwe pasilimwe kabisa, nasi tulime ukingoni tukijua hatutang'olewa mazao yakiwa yamekaribia kuvunwa. Tupewe nyavu za kufunika mahindi kwa bei tunayoimudu, ili mtu asishawishike kutega sumu ambayo korongo naye ataila. Na malori ya moramu yakatazwe kumwaga usiku. Yaje mchana, tuzisome namba zake.